Barua kwa mwanangu: hoja ya Mei 1903

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imetufikia huku Kigoma, na tumefurahi kusikia kazi ya bungeni umeianza salama. Umeniuliza: mbunge akisimama akasema, wenzake wakagonga meza, kisha kila mtu akaenda zake, mnyonge kapata nini? Nitakujibu kwa hoja iliyotolewa London tarehe 20 Mei 1903, kwa kuwa iliwahusu jirani zetu wa Kongo, ng'ambo ya ziwa.

Mtoa hoja alikuwa Herbert Samuel wa chama cha Liberali, mgeni bungeni, aliyechaguliwa Novemba 1902. Wakati huo Kongo ilikuwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, kama shamba lake binafsi. Wanakijiji walilazimishwa kugema mpira msituni. Ukipungua, wake zao walishikwa mateka, na wapo waliokatwa mikono. Samuel hakuomba vita. Aliitaka serikali ishauriane na mataifa yaliyotia saini Mkataba wa Berlin wa 1885, kwani humo yaliahidi kuwalinda wenyeji. Hoja ikapita bila hata kuhesabiwa kura.

Ingeishia hapo, ningekubaliana nawe. Lakini serikali iliyokubali hoja sasa ilihitaji ushahidi, ikamwagiza Roger Casement, balozi wake mdogo aliyekuwa Boma, makao makuu ya Kongo wakati huo, apande Mto Kongo akaone. Casement alikodi meli ya wamisionari wa Kimarekani, asije akabebwa na watu wale wale anaokwenda kuwachunguza. Aliandika kwamba Bolobo, makazi ya kando ya mto, zamani palikuwa na watu 40,000 hivi. Safari hii akaelezwa hawazidi 8,000. Aliketi vijijini, akawahoji watu mmoja mmoja, akaandika walivyosema. Hiyo ndiyo faida ya hoja unayoiuliza: ilimtoa mtu ofisini.

Ripoti ilitoka Februari 1904. Wizara ya Mambo ya Nje ilikuwa imeondoa majina ya watu na kuweka herufi, na Casement alikasirika sana. Mimi pia jambo hilo linaniuma, kwani waliothubutu kusema mbele ya mgeni walistahili kujulikana. Hata hivyo, ripoti iliwapa nguvu wanaharakati waliojikusanya mwaka huo huo chini ya mwandishi wa habari E. D. Morel, na mwaka 1908 Leopold akalazimika kuikabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji.

Simwiti Samuel mkombozi. Wakongo walikuwa wakipigana na kukimbilia misituni miaka mingi kabla London haijasikia, kazi za kulazimishwa hazikukoma mwaka 1908, na Uingereza yenyewe ilikuwa inatawala watu kwa nguvu kwingineko. Ila naamini bila hoja ile Casement asingepanda mto mwaka ule akiwa na agizo la serikali mkononi, na Leopold angeendelea kukanusha bila mtu wa kumpinga kwa ushahidi.

Mama yako anakusalimu sana. Tuandikie, utueleze ni hoja gani iliyokufanya uulize.

Baba yako