Mwasumini Wako Hautoi Maua? Shika Mkasi

Swali ninaloulizwa kuliko yote kuhusu mwasumini ni hili: mbona wangu ni majani matupu? Mtu anautazama umenawiri, kijani kinang'aa, matawi yanaparamia ukuta, lakini maua hakuna, au yapo mawili matatu huko juu kabisa ambako pua haifiki. Anaumwagilia, anautilia samadi, anaubembeleza. Mimi humjibu kwa maswali mawili. Unapata jua kiasi gani? Na mara ya mwisho uliukata lini? Swali la pili kwa kawaida hufuatiwa na kimya, kisha: "Kuukata? Si nitauua?"

Hautakufa. Mwasumini ni mmea wa kukatwa, na anayeuonea huruma ndiye anayekosa maua.

Kabla ya mkasi, hakikisha kwanza kwamba ulio nao ni mwasumini kweli. Kuna mimea kadhaa yenye maua meupe na harufu nzuri ambayo huuzwa kwa jina la asumini, na kila mmoja una tabia zake. Ninaouzungumzia hapa ni Jasminum sambac, uliotoka Asia ya Kusini, wa ukoo mmoja na mzeituni. Ukikuta kitabu cha zamani sana kinauita Nyctanthes sambac, usishangae: ndivyo Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, alivyouandika mwaka 1753, hadi William Aiton, mtunza bustani wa Kew huko London, alipouhamishia kwenye jenasi (kundi la mimea iliyo ndugu wa karibu) ya Jasminum mwaka 1789. Majani yake ni mazima, yanang'aa, yamekaa mawili mawili yakitazamana, wakati mwingine matatu matatu. Chuma jani moja utazame pale lilipokatikia. Likitoa utomvu mweupe kama maziwa, huo si mwasumini. Huenda ni Trachelospermum jasminoides au Tabernaemontana divaricata. Majani yakiwa yamegawanyika kuwa vijani vidogo vidogo kwenye kikonyo kimoja, na baadaye vikatokea vitunda vyekundu, hiyo ni Murraya. Na kama majani yanapishana moja moja kwenye tawi na maua ni vijirija vyembamba vya rangi ya kijani iliyopauka, vinavyonukia usiku tu, basi ni Cestrum nocturnum. Huo una sumu, kwa hiyo mwenye watoto wadogo au mifugo aujue vizuri kabla hajaupanda mlangoni.

Sasa tuje kwenye mkasi. Maua ya mwasumini hayatoki kwenye tawi kongwe. Hutoka kwenye ncha za machipukizi mapya, mara nyingi matumba matatu au zaidi pamoja, na la katikati hutangulia kufunguka. Ncha ikishatoa maua, kazi yake imekwisha. Ukiiacha, tawi linakomaa na kuwa gumu, na nguvu ya mmea inaishia kwenye kulisha majani. Ukiikata, macho yaliyolala kwenye makwapa ya majani yaliyo chini yake yanaamka, na palipokuwa na ncha moja panakuwa na mbili. Kila ncha mpya ni nafasi ya kishada kingine.

Mimi hukata kwa namna mbili. Ya kwanza ni ya kila siku, naifanya huku napiga soga. Kishada kikishamaliza maua yake yote, nashuka na kijiti chake hadi nifikie jozi ya kwanza ya majani makubwa yenye afya, nakata juu yake kidogo, basi. Hakuna msimu wa kazi hii. Hali ya hewa ikiwa ya joto na mmea unapata jua, machipukizi yanayotokea hapo huanza kuonyesha matumba kati ya mwezi mmoja na miwili. Na ukiona tawi linachomoka peke yake, refu kama fimbo, halina dalili ya tumba, libane ncha kwa kucha. Usilisubiri, kwa sababu litaendelea kwenda juu tu.

Ya pili ni ya mara moja kwa mwaka, na ndiyo inayowatisha watu. Maua yakishapungua na mmea ukiwa umepumzika, kabla haujaanza kuchipua upya, unaukata wote. Si kupunguza vincha, kuukata. Wakulima wa Tamil Nadu, kusini mwa India, wanaoulima mashambani kwa ajili ya kuuza matumba, huukata mwishoni mwa Novemba na kuubakiza kimo cha sentimita 50 hivi kutoka ardhini. Hao watu riziki yao iko kwenye maua hayo. Wangekuwa wanaharibu mimea, wasingerudia mwaka baada ya mwaka. Kwa mmea wa nyumbani sio lazima ufike huko. Wa kwenye chungu mimi huupunguza kwa theluthi moja hadi nusu, na uliozeeka ukawa vijiti vitupu chini na majani juu, huo ndio naushusha zaidi.

Ukikata, anza na matawi yaliyokauka, kisha yaliyo membamba kama njiti za kiberiti ambayo hayawezi kubeba chochote, kisha yale yanayoelekea ndani na kusuguana na wenzake. Unataka katikati pawe wazi, mwanga na upepo vipite. Baada ya hapo ndipo unapunguza kimo. Mkasi uwe mkali, na uufute kwa spiriti kabla hujahamia mmea mwingine. Usiukate hivi mmea ambao ni mgonjwa, au ambao umenyong'onyea kwa kiu. Kwanza uurudishe katika hali yake. Na baada ya kukata, punguza maji, maana majani ya kuyanywa hayapo. Hapa ndipo wengi wanapoua mizizi: wanauonea huruma mmea uliokatwa, wanaugharikisha. Subiri uone vichipukizi vimefika urefu wa kidole, ndipo urudi kwenye umwagiliaji wa kawaida na uanze mbolea.

Kwa wiki kadhaa utakuwa na mmea mbaya wa sura. Watu watakuuliza umekukosea nini. Vumilia.

Lakini mkasi bila jua ni kazi bure. Mwasumini unahitaji jua la moja kwa moja saa sita kwa siku au zaidi ili utoe maua ya kueleweka. Kivulini hautakufa, na hilo ndilo linalowadanganya watu: utakaa miaka na majani mazuri ya kijani kilichokolea, matawi yamerefuka yakitafuta mwanga, maua ya kuhesabu. Mahali ambapo mchana ni mkali kupita kiasi, jua la kuanzia asubuhi hadi alasiri ya mapema na kivuli chepesi baada ya hapo linatosha. Ukiuhamisha kutoka kivulini, uupeleke juani kidogo kidogo, la sivyo majani yataungua na kuacha mabaka ya kahawia. Baridi ndiyo hauipendi kabisa. Joto likikaribia nyuzi 10 za Selsiasi unasimama kukua, na baridi ya kugandisha huuua. Anayeishi kwenye majira ya baridi kali aupande kwenye chungu, auingize ndani mapema, na auweke kwenye dirisha lenye mwanga kuliko yote.

Samadi nayo ina lawama zake. Mbolea yenye naitrojeni nyingi hujenga majani, na mwasumini ukishapewa majani hauna haraka ya maua. Mboji ya mkono mmoja au miwili juu ya udongo kila baada ya miezi michache inaufaa, na wakati wa kuchipua chagua mbolea ambayo fosforasi na potasiamu zake hazijazidiwa na naitrojeni. Kwenye chungu, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, mara mbili kwa mwezi, ni bora kuliko kipimo kizima kwa mkupuo. Mmea uliopumzika usiulishe.

Majani yakianza kuwa ya manjano, usikimbilie mbolea. Tazama ni majani yapi. Yakiwa ya chini, yaliyozeeka, na yanageuka rangi jani zima, huenda ni njaa ya naitrojeni. Lakini gusa udongo kwanza, kwa sababu udongo unaokaa umelowa huleta picha hiyo hiyo, na mbolea juu ya mizizi inayooza ni kuumaliza mmea. Yakiwa ya juu, machanga, yana rangi ya manjano huku mishipa imebaki kijani, hapo mmea umekosa madini ya chuma. Mara nyingi chuma kimo udongoni, ila udongo una ualkali uliozidi, mizizi haiwezi kukichukua. Mwasumini hupenda udongo wenye tindikali kidogo. Ukiupanda ukigusana na ukuta uliopigwa lipu ya saruji au chokaa, au ukiumwagilia kila siku maji magumu yanayoacha ukoga mweupe kwenye birika, utaliona tatizo hili. Maji ya mvua husaidia, mboji husaidia, na chuma cha kunyunyizia majani, kile kilichotengenezwa kwa ajili ya mimea, huonyesha tofauti haraka kuliko vyote.

Maji yenyewe hayana siri kubwa. Chomeka kidole, sentimita mbili tatu za juu zikiwa kavu, mwagilia hadi maji yatoke chini, kisha uache. Chungu kiwe na matundu na kisikae kwenye sahani iliyojaa maji. Kipindi kimoja tu nakuwa mkali: matumba yanapoanza kuvimba. Udongo ukikauka kabisa wakati huo, matumba hudondoka kabla ya kufunguka.

Matumba yakigeuka rangi ya zambarau na kunyauka bila kufunguka, ilhali maji yapo, kagua wadudu. Lipasue moja kwa kucha. Ukikuta vibuu vidogo vyeupe ndani, ni usubi wa maua, ambao hutaga mayai kwenye matumba. Ukikuta tundu na kinyesi cha kiwavi, ni kiwavi anayetoboa matumba. Kwa wote wawili dawa ya kwanza ni kuchuma matumba yote yaliyoathirika, pamoja na yaliyodondoka, na kuyatupa mbali na bustani ndani ya mfuko uliofungwa. Usubi huyu humalizia ukuaji wake udongoni, kwa hiyo tifua juu juu udongo ulio chini ya mmea na uondoe takataka zote hapo. Utitiri, inzi weupe na vidung'ata hukaa mgongoni mwa majani. Maji ya kupulizia kwa nguvu kutoka chini, na mafuta ya mwarobaini jioni, jua likishapungua, yanatosha ukiwahi. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka shinani, wafuate. Watakupeleka waliko wadudu wanaowanyonyea utamu.

Kuhusu aina, 'Maid of Orleans' ndiyo ninayompa anayeanza. Ua lake lina duara moja la petali, hufunguka jioni, hunukia usiku kucha, na kesho yake au keshokutwa hujidondokea lenyewe. 'Grand Duke of Tuscany' ina ua lililojaa petali kama waridi dogo, zuri kupindukia, lakini hukua polepole, na maua yake yakishachakaa hayadondoki: hukaukia pale pale yakiwa ya kahawia, hadi uyachume mwenyewe. Anayetaka hiyo awe mtu wa kupita bustanini kila siku. Harufu ya aina zote mbili ni nzito, na wapo inaowaumiza kichwa. Kwa chumba cha kulala kidogo, mmea ukae nje ya dirisha.

Mbegu usihangaike nazo. Mwasumini wa bustanini ni nadra sana kuzaa matunda, na anayekuuzia pakiti ya mbegu zake nina wasiwasi naye. Wale wanaofuata ushauri wangu watabaki na rundo la matawi baada ya kukata, na hapo ndipo penye miche. Chagua yaliyokomaa nusu, si laini ya kupindika wala si makavu ya kuvunjika, ukate vipande vya sentimita 10 hadi 15 chini kidogo ya kifundo, yaani pale majani yanapotokea kwenye tawi. Ondoa majani ya chini, bakiza mawili au manne juu, na yakiwa makubwa yakate nusu. Chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, funika kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, weka kivulini. Mizizi huchukua wiki nne hadi sita, na dalili yake ni kichipukizi kipya, pamoja na ukinzani kidogo ukikivuta kipande taratibu. Vya 'Grand Duke of Tuscany' ni vigumu kushika. Kwa hiyo aina mimi hulaza tawi la chini likiwa bado limeshikamana na mama yake, nakwangua ganda upande wa chini, nalifukia sentimita chache na kulikandamiza kwa jiwe, ncha ikibaki nje. Likishashika vizuri, baada ya miezi miwili mitatu, nalikata upande wa mama, lakini siling'oi hapo hapo. Naliacha wiki mbili zaidi lizoee kujitegemea, kisha nalichimba na udongo wake, na kabla halijaingia kwenye chungu kipya nalibana ncha.