Laini ya biashara iwe na jina lako

Januari 2020, siku chache kabla laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole hazijaanza kuzimwa, mimi namba ya NIDA sikuwa nayo. Kaka yangu alikuwa nayo. Tukaenda kwa wakala, akaweka dole gumba, laini yangu ikapona. Nikamnunulia soda.

Soda ile niliilipia baadaye. Nauza dagaa wa Mwanza wa kukaanga. Wateja wangu wengi wako Dar na Dodoma: oda inaingia WhatsApp, hela kwenye simu, mzigo naupakia basi la alfajiri. Siku hiyo niko sokoni, simu ikachomolewa mkobani. Simu hununuliwa nyingine. Laini je? Mlikuwa na shilingi 430,000, nyingine za watu ambao mzigo wao hata sijaufunga.

Nikaenda kurenyu. Dada wa kaunta akasema weka kidole. Nikaweka, kikakataa. Nikakifuta kwenye khanga nikidhani ni mafuta ya dagaa, kikakataa tena. "Dada, laini hii ni ya mwanaume. Aje mwenyewe." Mwenyewe yuko Songea kikazi. Siku nane! Na mteja aliyekulipa, ukimpotelea siku nane bila namba kupatikana, keshakuita tapeli, wala humlaumu.

Halafu nilipoomba mkopo wa kununua friza, nikaambiwa nilete taarifa ya miamala. Miaka miwili ya jasho langu, juu limeandikwa jina la kaka.

Kwa hiyo wewe unayeanza, kabla hujawaza matangazo, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ile unayouzia kama haimo, nenda na huyo mwenye jina kwenye duka la mtandao wenu mkabadilishe umiliki. Najua mtaniambia, "mume wangu hana neno." Hata kaka yangu hana neno, alikatiza safari yake kunifuata. Lakini angekuwa mgonjwa je? Au tumenuniana?

Ukishapata jina lako, tenga laini ya biashara na ya nyumbani. Zikichanganyika, ada ya mtoto inakula mtaji na hujui ulikula lini.

Meseji za malipo nazo zitazame vizuri. Matapeli wanatuma "umepokea" kutoka namba ya kawaida kabisa, na picha ya muamala inatengenezwa. Mimi siangalii meseji, naangalia salio, ndipo nafunga mzigo. Mteja wa kweli hanuni kwa kusubiri dakika mbili.

Picha napiga asubuhi, dagaa kwenye ungo, kijiko pembeni ili mtu aone ukubwa wao. Na bei naiandika hapohapo. Haya mambo ya "bei njoo inboksi" yananikera hata ninapokuwa mteja, nahisi kuna mtu anapima kwanza mfuko wangu.