Kwa Nini Rubani Alizunguka Angani Badala ya Kutua?

SWALI: Ndugu Mhariri, shemeji yangu alikuwa abiria katika ndege ndogo ambayo magurudumu yake yaligoma kushuka, ikabidi itue kwa tumbo. Wote walitoka salama, ila anasema rubani alizunguka angani karibu saa nzima, na kwamba kungoja kule kuliwatesa kuliko kishindo chenyewe. Hapa nyumbani wapo wanaosema rubani aliingiwa na woga. Kwa nini hakutua mara moja? Na je, ndege ndogo zote zinazopita pwani yetu zina hatari hiyo?
Dada msomaji, Mikindani, Mtwara

JIBU: Dada yetu, poleni sana, na umfikishie shemeji yako salamu zetu. Kuzunguka kule hakukuwa woga. Maadamu injini inafanya kazi na mafuta yapo, ndege yenye hitilafu ya magurudumu iko salama zaidi angani kuliko ikiharakishwa kutua kabla tatizo halijafahamika.

Mbele ya rubani kuna taa za kijani, kwa kawaida tatu, moja kwa kila gurudumu, ambazo huwaka pale tu gurudumu linaposhuka na kujifunga. Moja isipowaka, rubani hajui bado kama gurudumu limekwama au ni balbu tu iliyoungua. Kwa hiyo hupanda tena hadi kimo cha usalama, hufuata hatua za dharura zilizoandikwa, kisha hujaribu njia ya akiba: katika ndege ndogo aina ya Cessna 210, kwa mfano, ipo pampu ya mkono ya kushushia magurudumu mfumo wa haidroliki, yaani unaotumia msukumo wa mafuta maalumu ndani ya mabomba, unaposhindwa. Yakigoma bado, anaweza kupita chini karibu na mnara wa kuongozea ndege ili walio ardhini wamweleze wanachokiona chini ya tumbo la ndege. Muda wote huo mafuta yanapungua, ndege inakuwa nyepesi na itagusa ardhi kwa mwendo mdogo zaidi, huku zimamoto wakijipanga kando ya njia ya kutulia.

Hata ndege kubwa hufanya hivyo. Tarehe 1 Novemba 2011, Boeing 767 ya shirika la LOT la Poland ilizunguka juu ya Warsaw kwa zaidi ya saa nzima kabla ya kutua kwa tumbo, na watu wote 231 waliokuwamo walitoka hai.

Hata hivyo, kuzunguka nako kunataka umakini. Tarehe 29 Desemba 1972, marubani wa ndege ya shirika la Eastern iliyokuwa ikielekea Miami, Marekani, walishughulika na taa ya gurudumu la mbele isiyowaka, wasitambue kwamba ndege ilikuwa ikishuka polepole gizani, hadi ikaanguka kwenye kinamasi na kuua watu 101. Balbu ndiyo iliyokuwa imeungua. Rubani wa shemeji yako aliweza kutafuta ubovu bila kuacha kuiongoza ndege yake, na kwa maoni yetu anastahili shukrani.

Kuhusu swali la pili, jibu ni hapana. Cessna Caravan, inayotumika sana katika safari fupi za pwani na visiwani, ina magurudumu yasiyokunjwa, kwa hiyo hayawezi kugoma kushuka, ingawa tairi kupasuka au breki kushindwa bado kunawezekana. Injini yake ni moja tu. Ikizimika angani, rubani hana nafasi ya kuzunguka namna ile, bali hutafuta mahali tambarare panapofikika.

Mwisho, kwa mujibu wa taratibu za kimataifa, uchunguzi wa ajali ya ndege hufanywa ili kuzuia ajali nyingine, si kumtafuta wa kulaumiwa, na taarifa ya awali hutarajiwa ndani ya siku 30. Mwambie shemeji yako aandike sasa, kabla hajasahau, sauti alizosikia, maelekezo waliyopewa na jinsi mlango ulivyofunguliwa, ili wachunguzi wakimwita awe na la kuwapa.