Maneno magumu ya Kiingereza hayakai kichwani

SWALI: Niko kidato cha nne hapa Kondele, Kisumu. Kila siku nakariri maneno 10 magumu ya Kiingereza kutoka kwenye kamusi. Wiki ikiisha yameshayeyuka, na machache ninayokumbuka mwalimu huyatia kalamu nyekundu kwenye insha. Nifanyeje?

JIBU: Punguza hadi maneno 5, na uyachote kwenye gazeti au kitabu unachosoma. Kamusi ije baadaye, kuthibitisha maana. Kata karatasi ngumu ya manila vipande vya ukubwa wa kiganja. Mbele andika sentensi ulimolikuta neno, mahali pake uache pengo. Nyuma andika neno, maana yake na maneno linaloandamana nayo. Jipime kesho yake, siku ya 3, ya 7 na ya 21. Jibu kwanza, ndipo ugeuze. Ukisoma pande zote mbili kwa pamoja utadhani unajua, kumbe unatambua tu.

Ama kalamu nyekundu, mara nyingi maana unaijua ila hujui neno linakaa na lipi. Chukua "mitigate", yaani kupunguza makali. Husemwa "Dykes mitigate floods in Nyando", bila "against". Wengi huongeza "against" kwa kulichanganya na "militate", ambalo ni kuwa kikwazo: "Poverty militates against learning." Kosa hili wanalo hata watu wazima maofisini, basi usivunjike moyo.

Kwenye insha tumia tu neno ambalo umeshalitungia sentensi 3 na mwalimu akazipitisha.