Paka amekikataa choo kinachojisafisha

Pole dada. Umesema tangu ulete choo kinachojisafisha, yaani mashine inayochota uchafu wa paka yenyewe, paka anakojoa kwenye zulia. Usimpige, anaogopa ule mngurumo wa mashine. Wangu alikuwa ananusa ukingo, masikio yamelala, kisha anakimbilia chini ya kitanda. Nilizima mashine wiki mbili, nikaacha beseni lake la zamani pembeni, na ndani ya mashine nikamwaga viganja viwili vya mchanga aliokwisha kuutumia, wenye harufu yake. Akazoea.

Tumia mchanga unaoganda kuwa madonge ukilowa mkojo. Kama una kitoto cha paka, izime kabisa, uchote kwa mkono.

Droo ya uchafu ifungue uangalie madonge kila siku hata kama haijajaa. Dume akichuchumaa mara kwa mara na huoni madonge ya mkojo, huenda njia ya mkojo imeziba. Hapo usingoje kesho, mkimbize kwa daktari wa mifugo.