Sweta la kashimiri kwenye joto la Mtwara: maswali yenu na majibu

Ukiishi huku kwetu, sweta zuri hulivaa Juni na Julai upepo wa kusi unapokaza, au siku ukipanda Newala kwenye msiba. Miezi mingine yote limelala kabatini, na huko ndiko linakoharibikia. Karibu barua zote za safari hii zimegusa hapo.

Nimenunua sweta la mtumba, lebo imekatwa. Muuzaji kaapa ni kashimiri. Nitajuaje? (Chikongola, Mtwara)

Kiapo cha muuza mtumba kiache hapohapo sokoni. Chomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani, ushike kwa kibanio cha nyusi, uuchome juu ya sahani. Ukinuka nywele zilizoungua na jivu likasagika kwa vidole, hayo ni manyoya ya mnyama. Ukiyeyuka na kuacha kishanga kigumu cheusi, ni akriliki au polyesta. Ukinuka karatasi, ni pamba au viskosi, na mitandio mingi inayouzwa kwa jina la pashmina iko kundi hili.

Moto hautakwambia kama ni mbuzi au kondoo. Hapo tumia shingo yako: lipitishe chini ya kidevu. Sufu ya kondoo mara nyingi huwasha, kashimiri haiwashi. Hutokana na manyoya laini yanayoota chini ya yale marefu ya mbuzi wa nchi za baridi kali, hasa China na Mongolia, nao huchanwa majira ya kuchipua. Mbuzi mmoja hutoa gramu 150 hadi 200 hivi kwa mwaka, kwa hiyo sweta moja linataka mbuzi kadhaa. Ukilipata kwa bei ya mtumba, umeokota.

Shikamoo. Dada yangu aliyeko Norway kaniletea mtandio wa kashimiri. Nimeuweka sandukuni na vile vidonge vyeupe vya naftalini, pamoja na nguo za mtoto ninayemtarajia. Harufu itatokaje? (Lindi Mjini)

Marahaba mwanangu. Harufu tutaifikia. Kwanza toa nguo za mtoto humo leo hii, uzifue, uzianike juani na upepo uzipige siku kadhaa. Kama bado zinanuka, asivalishwe.

Huku pwani wapo watoto wengi wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na kwa sura hutamjua. Mtoto wa namna hiyo akivuta mvuke wa naftalini, au akafunikwa blanketi lililolazwa nayo, chembe nyekundu za damu huvunjika. Macho na ngozi huwa njano, mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi. Ukiona hivyo ni hospitali moja kwa moja, na mwambie daktari kuhusu vidonge. Kingine, mtoto anayetambaa akiviona huvidhani peremende.

Mimi naftalini sitaki kuiona katika nyumba yenye mtoto, hata kama bibi zetu wote waliitumia. Mtandio wako utandaze kivulini penye upepo mpaka harufu iishe, kisha uufunge kwenye kanga kuukuu iliyofuliwa. Majani makavu ya mwarobaini ukipenda weka, ila yasiguse kitambaa, na usiyategemee peke yake.

Sweta langu nimelikuta na matundu madogo madogo, na kila mwezi napuliza dawa ya mbu chumbani. (Nachingwea)

Hao ni nondo wa nguo. Yule mdogo wa rangi ya majani makavu, anayekimbilia gizani badala ya kufuata taa, mwenyewe hali kitu. Anayekula ni kiwavi wake, nawe ulikuwa unapuliza hewani wakati yeye yuko kwenye mkunjo. Kagua kola, makwapa na mikono: hupenda penye jasho na palipodondokewa mchuzi. Ndiyo maana nguo iliyovaliwa mara moja tu ikarudishwa kabatini bila kufuliwa ndiyo huliwa kwanza.

Likung'ute nje, lifue, likauke kabisa. Kisha litie kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, funga kwa nguvu, uweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Umeme ukikatika muda mrefu, anza kuhesabu upya. Ukilitoa, usifungue mfuko mpaka ubaridi wake wote uishe, la sivyo unyevu utaingia kwenye sufu. Na kama friza ni ya kuhifadhia pweza, mfuko uwe miwili.

Kabati nalo lifagie mpaka kwenye pembe na nyufa. Kanga na vitenge usivihofie, kiwavi huyu anatafuta nywele, manyoya na sufu.

Maji ya bibo yamenirukia kwenye sweta jeupe. Dobi anasema litiwe Jiki. (Masasi)

Usimpe! Jiki huondoa doa kwenye shati la pamba, lakini manyoya huyayeyusha. Kama huamini, chukua kiuzi cha ndani ukitumbukize kwenye kikombe cha Jiki, urudi baada ya nusu saa au zaidi uone kilivyolegea.

Doa la bibo linataka haraka. Papo hapo gonga kwa kitambaa chenye maji baridi, bila kusugua na bila maji moto, halafu rudia na siki nyeupe iliyochanganywa na maji mengi. Likishakaa wiki, kubali. Mpelekee fundi wa rangi alitie rangi ya kahawia.

Maji yetu ni ya kisima, yana chumvi, sabuni haitoi povu. (Msangamkuu)

Kinga maji ya mvua, ndoo mbili zinatosha. Yawe ya uvuguvugu mdogo au baridi, na utumie shampuu ya watoto kidogo. Sabuni ya unga iache, nyingi zina vimeng'enya vinavyokula protini, na sufu ni protini. Lizamishe, ulibonyeze taratibu dakika chache, usifikiche wala kukamua kwa kusokota. Suuza kwa maji ya joto lilelile. Lizungushe ndani ya taulo kama mkeka, bonyeza, kisha ulilaze juu ya taulo kavu kivulini. Masika likikaa siku mbili bila kukauka, lipepee kwa feni.

Mikono ya sweta imerefuka mpaka vidoleni. (Ligula)

Ulilitundika kwenye henga. Likunje. Kwa sasa lilowanishe, ulirudishe umbo lake kwa mkono, ulikaushe likiwa limelala. Vidonge vya manyoya vya kwapani ni vya kawaida, vikate kwa mkasi mdogo, usivivute.

Naweza kulipiga pasi ya mkaa? (Mikindani)

Ligeuze ndani nje, weka kitambaa kibichi cha pamba juu, pasi iwe ya uvuguvugu na iguse kitambaa tu. Na hakikisha cheche haitoki.