Kuzoea Dodoma si kuzoea jangwa: majibu kwa familia za askari wanaohamia Riyadh na Muscat

Barua tano za toleo hili zimetoka kwa familia za wanajeshi wanaopelekwa ng'ambo kikazi au kimasomo. Tumeziweka pamoja kwa sababu karibu zote zina dhana moja ndani yake: kwamba aliyezoea vumbi na ukame wa Dodoma tayari analijua jangwa.

Mume wangu amepangiwa Riyadh kwa miaka mitatu, mimi na watoto watatu tutamfuata baadaye. Kwenye karatasi nianzie wapi? Mama Neema, Kikombo

Mama Neema, anzia kwenye majina. Viza itakuja baadaye. Tandika mezani cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vitambulisho vya NIDA na pasipoti, kisha soma herufi kwa herufi. Cheti cha ndoa kinasema "Khadija", NIDA inasema "Hadija". Cha mtoto kina jina la babu, pasipoti haina. Hapa nyumbani hakuna anayejali. Dirishani kwa wageni, Hadija na Khadija ni wanawake wawili, na mmoja wao hana ndoa. Rekebisha kwanza, kwa kiapo au kwa kubadili jina kisheria kulingana na ukubwa wa tofauti, ndipo uendelee.

Vyeti hupita kwa mfuatano: RITA, wasajili wa vizazi, vifo na ndoa, wanahakiki, Wizara ya Mambo ya Nje wanathibitisha, ubalozi wa nchi unayokwenda unamalizia. Ukiruka hatua moja utarudishwa nyuma. Balozi hizo ziko Dar es Salaam, kwa hiyo usipande treni ya kwenda huko hadi hatua zote za kabla ya ubalozi zimekamilika. Cheti cha Kiswahili pekee kitafsiriwe na mfasiri anayetambulika kabla ya kugongwa mihuri, ili mihuri iwe juu ya vyote viwili.

Cheti chenye laminesheni kina shida yake: wino wa mhuri haushiki kwenye plastiki. Wazazi wengi walivipeleka vyeti vya watoto steshenari vikafunikwa "visichakae", na sasa havigongeki. Usijaribu kuibandua kwa pasi, karatasi itatoka na maandishi. Omba nakala mpya RITA.

Picha piga zenye rangi nyeupe nyuma. Zile za bluu za pasipoti yetu hazitafaa. Pasipoti ya kila mtoto ibakiwe na zaidi ya miezi sita. Uliza pia ofisini kwa mume wako kama familia itasafiri kwa pasipoti za kawaida au za utumishi, maana aina ya viza inafuata hapo. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari, kwani kadi haihesabiki kabla ya hapo; baada ya hapo ni ya maisha. Kadi za kliniki za watoto ziandikiwe muhtasari wa Kiingereza na daktari. Shule zitaudai kabla hata ya kuuliza mtoto yuko darasa la ngapi.

Sisi tumezoea jua. Kuna haja gani ya kujiandaa kwa joto? Sajenti, Ihumwa

Haja ipo, afande. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na ikifika Julai mnalala na blanketi. Riyadh mwezi huohuo mchana hugonga nyuzi 43 hadi 45, na usiku mara nyingi haushuki chini ya 28. Mwili haupati saa ya kupoa. Hewa yenyewe ni kavu kiasi kwamba jasho linakauka kabla hujaliona. Mtu anasema "mbona hata sitoki jasho", huku shati lake limechora ramani ya chumvi mgongoni.

Mwili huchukua siku 7 hadi 14 kuzoea. Wiki ya kwanza mazoezi yawe alfajiri, dakika 20 tu, uongeze kidogokidogo. Sifa ya ukakamavu haikukingi hapa. Askari anayejikaza ndiye anayeanguka. Saudi Arabia yenyewe hukataza kazi za nje juani kati ya saa 6 mchana na saa 9 alasiri, kuanzia Juni 15 hadi Septemba 15.

Ukiwa nje, kunywa robo lita kila dakika 20, usingoje kiu. Lakini usipite lita moja na nusu kwa saa, kwa sababu maji mengi mno huzimua chumvi ya damu, na mtu huanguka kwa degedege akiwa na tumbo lililojaa maji. Kipimo cha nyumbani ni mkojo: ukifanana na maji ya limao uko sawa, ukifanana na chai ya rangi umechelewa. Kama mtu ametoka jasho sana au ana kuhara, changanya lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya usawa, visiwe vya kilima.

Mtu akianza kuongea ovyo, kupepesuka au kuzimia na mwili unachoma, hicho ni kiharusi cha joto. Piga 997, gari la wagonjwa la Saudia. Wakati unasubiri, mwingize kivulini, mvue nguo, mmwagie maji mwili mzima na mpepee bila kuacha. Barafu ikipatikana iwekwe kwapani, shingoni na kwenye kinena. Usimnyweshe kitu mtu aliyechanganyikiwa. Paracetamol haisaidii, kwa sababu joto hili halitokani na homa.

Nyumba za kule zina mtego mmoja. Matangi ya maji yako juu ya paa, na mchana wa kiangazi bomba la "maji baridi" hutoa maji ya kuunguza. Mtoto asiogeshwe kabla ya mkubwa kuyapima kwa kiwiko. Wenyeji hufanya kinyume: msimu wa joto huzima hita ya bafuni iliyo ndani ya nyumba. Maji yaliyokaa humo hupoa hadi joto la chumba, na bomba lenye alama nyekundu ndilo linalotoa maji ya kuogea. Unafungua la moto ili upate baridi. Waambie watoto mapema.

Feni ya maji hufanya kazi vizuri Riyadh kwa sababu hewa kavu hunyonya unyevu na kupoa. Ukiihamishia Muscat, pwani, ambako hewa imeshashiba unyevu, itakutengenezea bafu la mvuke sebuleni. Huko ni kiyoyozi tu. Kokote uendako, chujio la kiyoyozi lioshwe kila wiki mbili, na kila baada ya tufani ya vumbi. Likiziba, mashine hunguruma, bili inapanda, chumba hakipoi, na fundi atakuambia gesi imeisha.

Majaketi ya Julai msiyaache. Januari usiku Riyadh hushuka hadi karibu nyuzi 9.

Mwanangu wa miaka sita ana selimundu. Tunakwenda Muscat. Madaktari wa kule wataujua ugonjwa huu? Mama wa wawili, Nzuguni

Wataujua sana, dada. Oman yenyewe ina wagonjwa wengi wa selimundu, na hospitali ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos ina uzoefu wa miaka mingi. Kinachotutia wasiwasi zaidi ni safari na wiki za mwanzo.

Mwombe daktari wake barua ya Kiingereza yenye aina ya ugonjwa, kundi la damu, kiwango chake cha kawaida cha hemoglobini akiwa mzima, ukubwa wa bandama, tarehe ya mwisho kuongezewa damu, na dawa kwa majina ya kitabibu na dozi zake. Hilo la hemoglobini watu hulisahau, na bila hilo daktari mgeni akiona 7 hajui kama mtoto amezidiwa au ndivyo alivyo siku zote. Beba dawa za miezi mitatu kwenye maboksi yake halisi, ndani ya begi la mkononi. Tramadol, kodeini na mofini ni dawa zinazodhibitiwa vikali nchi za Ghuba; kama mtoto anazitumia, ulizia kibali ubalozini kabla ya safari. Cheti cha daktari pekee usikitegemee.

Upungufu wa maji mwilini huchochea maumivu, na baridi ya ghafla vilevile. Mtoto anatoka kwenye nyuzi 42, anaingia dukani kwenye nyuzi 18 na fulana imelowa jasho. Tembea na fulana kavu na sweta jepesi, hata kama watu watakushangaa. Nyumbani weka kiyoyozi kwenye nyuzi 24 hadi 26, upepo usimpige kitandani. Akitoka kuogelea akaushwe mara moja.

Homa ya 38.5 au zaidi ni ya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Katika miezi mitatu ya kwanza, na kila mkirudi kutoka likizo nyumbani, tamka wazi kwamba mmetoka Tanzania na uombe kipimo cha malaria. Daktari wa kule haioni malaria kila siku kama wa kwetu, hivyo inaweza isimjie akilini upesi. Mkija likizo, mtoto awe kwenye dawa ya kinga. Msihesabu kwamba "amezaliwa huku".

Nisafirishe gari langu? Afande wa Mpwapwa

Hapana. Oman na Saudi Arabia wanaendesha upande wa kulia wa barabara, na la kwako lina usukani wa kulia. Liuze hapa, ununue la huko. Ukinunua lililotumika, soma tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la jangwani hupasuka kwa uzee hata kama meno yake bado mapya. Na mtoto asiachwe garini hata dakika tano: kukiwa na nyuzi 35 nje, ndani hufika kama 46 kwa dakika 10, na kushusha kioo kidogo hakubadilishi kitu.

Nina binti kidato cha tatu na mvulana darasa la pili. Niwahamishe wote? Na mama mkwe anasisitiza nibebe mlenda. Mrs. K., Area D

Mvulana aende, umri wake unaingilika popote. Binti ni hesabu nyingine. Mtihani wa kidato cha nne ni Novemba mwakani, na kule mwaka wa masomo huanza Agosti au Septemba, au Aprili kwa shule za Kihindi, ambazo ndizo nafuu kwa ada. Akihama sasa anapoteza usajili wa Baraza la Mitihani na kuanza mtaala mwingine katikati. Kama kuna shangazi wa kuaminika au bweni zuri, amalize hapa, aje likizo ya Desemba, ambayo kwa bahati ndiyo majira mazuri ya jangwani.

Kuhusu mlenda, mama mkwe hajakosea. Mlenda mkavu ni mwepesi na hauozi. Ila unga wa kijani ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa fundo ni kitu ambacho hakuna ofisa wa forodha atakayekipitisha bila maswali. Upepete mchanga utoke, upeleke kwa wasindikaji waufungashe na kuuwekea lebo ya Kiingereza yenye jina, uzito na tarehe. Kilo mbili zinatosha. Unga wa uwele usibebe: kule unauzwa, ulizia "dukhn".